Chiriku na Siri ya Vidonge

Kila siku kabla ya kwenda shule, Chiriku alifunga mikate. Wazazi wake walikuwa waokaji, na chumba cha nyuma cha nyumba yao kilikuwa na tanuri kubwa la matofali, meza ndefu isiyoisha unga, na rafu za mbao ambapo mikate ilipangwa ipoe. Baba alikanda, Mama alioka, na Chiriku alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alitia kila mkate kwenye mfuko wa karatasi, akaukunja mdomo wa mfuko mara mbili, akaupanga kwenye kreti. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu, Baba alifunga kreti nyuma ya baiskeli yake na kwenda kuisambaza mikate madukani.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu hakujua kunyamaza. Aliongea akifunga mikate, aliongea akipiga mswaki, na Mama aliapa kwamba aliongea hata usingizini. Shuleni alikuwa amehamishwa dawati mara nne, na kila alipohamishwa alipata rafiki mpya wa kuongea naye.

Kutunza siri ndiyo kabisa hakuweza. Wakati mmoja Mama alimnunulia Baba shati na kulificha kabatini. Chiriku akaenda moja kwa moja kwa Baba, akasema, "Mimi sikuambii kwamba umenunuliwa shati, na wala sikuambii kwamba ni la bluu." Nyumba nzima ilivunjika mbavu kwa kicheko. Chiriku naye alicheka, lakini moyoni aliumia kidogo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwamini kwa siri.

Mpaka Jumatatu ile.

Alikuwa ametoka shule, akaenda chumbani kwa Bibi kumwamkia. Bibi alikuwa mama yake Baba, mwanamke mwembamba, mwepesi kama karatasi, lakini sauti yake ilijaa nyumba. Aliimba katika kwaya ya wanawake wazee waliokutana mara mbili kwa wiki kwenye ukumbi wa mtaa. Mashindano ya kwaya yalikuwa yanakaribia, zilibaki siku kumi na mbili tu, na mwaka huu Bibi ndiye aliyechaguliwa kuanzisha wimbo, peke yake, kabla wengine hawajaitikia. Tangu achaguliwe alikuwa akiimba akiosha vyombo, akiimba akichambua mchele, akiimba hata akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

Siku hiyo hakuwa anaimba. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika shavu.

"Shikamoo Bibi. Una nini?"

"Sss! Funga mlango kwanza, mke mwenzangu."

Bibi alipenda kumwita hivyo kwa utani. Chiriku alifunga mlango, akasogea.

"Jino," Bibi alinong'ona, akaonyesha jino la mbele. "Linanichoma mpaka sikioni."

"Basi twende kwa daktari wa meno!"

"Aling'oe? Halafu nisimame mbele ya watu na pengo? Nitapiga mluzi kama birika la chai. Mwongoza kwaya ataninyang'anya nafasi yangu, ampe yule Sauti ya Bati. Unataka Sauti ya Bati aanzishe wimbo?"

Chiriku alimjua mama huyo. Alitikisa kichwa kwa nguvu. Hakuna aliyetaka hivyo.

"Sasa sikiliza," Bibi akasema, akimshika mkono. "Mama yako asijue. Akijua, atanivuta kwa daktari leo leo. Nitameza vidonge vya maumivu mpaka mashindano yapite, kisha tutaona. Je, unaweza kutunza siri?"

Chiriku alihisi kifua kinatanuka. Swali hilo hakuwahi kuulizwa maishani mwake.

"Naweza, Bibi."

"Hata Mama akikubana?"

"Hata akinibana."

Akaenda mbio kwenye duka la dawa. Muuzaji, dada mwenye koti jeupe, alimpa vidonge na kumtazama usoni. "Vya nani?"

"Vya Bibi yangu."

"Mwambie anywe viwili, kisha asubiri saa sita kabla ya kurudia. Asizidishe vinane kwa siku. Na maumivu yakiendelea, aende akaonwe na daktari. Umesikia?"

Chiriku aliufikisha ujumbe huo neno kwa neno. Bibi alipunga mkono kama anayefukuza nzi. "Yule ni mtoto mdogo. Hajawahi kuumwa jino, atajua nini?"

Akameza viwili. Kabla jua halijazama, akameza viwili tena.

Jumanne Chiriku alitumwa mara mbili, na safari hizo Bibi alimwambia asirudi kwenye duka lile la kwanza. "Yule dada ana maswali mengi. Nenda dukani pale kwenye kona." Jioni ile Bibi alikoroga pia pakiti ya unga wa mafua, dawa ya dukani, kwenye maji ya moto, akisema inampa usingizi. Kutafuna kulimuuma, kwa hiyo alikunywa chai tu. Mama akigeuka, sahani ya Bibi ilihamia mbele ya Chiriku kimyakimya, naye alilazimika kula chakula cha watu wawili ili siri isitoke. Alienda kulala tumbo limemjaa kama ngoma, lakini alijiona shujaa. Siku mbili nzima, na hakuwa amemwaga mtama!

Kumbe mwenyewe hakujua kwamba ili kuishika siri moja, alikuwa ameacha kusema karibu kila kitu. Aliogopa kwamba akifungua mdomo kwa jambo dogo, lile kubwa litateleza nalo.

Rafiki yake Miwani ndiye aliyegundua. Miwani alipewa jina hilo kwa vioo vyake vinene, na alikuwa na tabia ya kusoma kila kilichoandikwa: mabango, boksi za chaki, maelezo nyuma ya sabuni. Jumatano, wakati wa mapumziko, alimkazia macho.

"Wewe unaumwa? Tangu kengele ya asubuhi hujasema hata neno."

"Siumwi."

"Neno moja tu?" Miwani alimgusa paji la uso. "Unaumwa sana."

Chiriku alicheka, akavuta leso mfukoni, na pakiti tupu ya unga wa mafua ikadondoka pamoja nayo. Bibi alikuwa amempa asubuhi ile kama mfano, ili anunue nyingine kama hiyo akirudi. Kabla hajainama, Miwani alikuwa ameshaiokota na kuanza kusoma yale maandishi madogo ya nyuma.

"'Dawa hii ina parasetamoli. Usiitumie pamoja na dawa nyingine yenye parasetamoli. Kuzidisha kipimo kunaweza kudhuru ini hata kama mgonjwa anajisikia vizuri.' Mh! Nani anaumwa mafua kwenu?"

"Hakuna," Chiriku akajibu upesi. Kisha akauliza polepole, "Miwani, vile vidonge vyeupe vya maumivu, vya kawaida tu, vina nini ndani?"

"Si ndiyo hiyo hiyo parasetamoli. Sisi tunavyo nyumbani, nimesoma."

Chiriku alihesabu vidonge kwa vidole. Jumatatu. Jumanne asubuhi, Jumanne mchana, Jumanne jioni. Leo kabla ya shule. Vidole vya mkono mmoja viliisha, akaingia mkono wa pili, navyo vikaisha kabla hajafika leo.

Vipindi vilivyobaki hakusikia kitu. Kengele ya mwisho ilipolia, alikuwa wa kwanza getini.

Alipofika nyumbani alimkuta Mama amepiga magoti mbele ya kitanda cha Bibi, ameshika beseni. Bibi alikuwa anatapika. Uso wake ulikuwa umepauka, na jasho jembamba lilimtoka puani.

"Ameanza saa saba," Mama alisema, mikono yake bado na unga. "Hataki hata maji. Mama, ulikula nini?"

"Ni tumbo tu," Bibi akajibu kwa shida. Aliweka mkono chini ya mbavu, upande wa kulia. "Litapita."

Mama hakungoja lipite. Jirani yao alikuwa fundi bomba mwenye gari dogo la mizigo, naye hakuulizwa mara mbili. Bibi aliwekwa mbele akiwa na beseni lake, na Mama na Chiriku wakapanda nyuma, kati ya mabomba na mifuko ya saruji. Baba alikuwa bado hajarudi, wakamwachia ujumbe kwa mke wa fundi.

Njia nzima Chiriku alikuwa amefumba mdomo kama mtu aliyeumwa taya.

Hospitalini, daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni na macho yasiyo na haraka. Alimlaza Bibi kitandani, akambonyeza tumbo polepole. Alipofika chini ya mbavu za kulia, Bibi alikunja uso.

"Pole, Mama yangu. Hapa ndipo ini lilipo," daktari akasema. "Umetumia dawa yoyote siku hizi?"

"Ah, kidonge tu cha maumivu. Kimoja kimoja."

Bibi alisema hivyo akimtazama daktari, lakini mkono wake ulikuwa umeushika mkono wa Chiriku, na ukaubana. Chiriku alielewa maana ya kubanwa kule. *Ulisema unaweza.*

Ilikuwa siri ya kwanza ya maisha yake. Akiitoa, Bibi hatamwamini tena. Mama atajua kwamba mwanawe alikuwa akimdanganya mchana kweupe, tena kwa sahani mbilimbili. Na nyumba nzima itasema, "Si tulijua? Chiriku ni Chiriku."

Daktari alikuwa ameshaanza kuandika. Kalamu ilikuwa inatembea, na kile kilichoandikwa hakikuwa kweli.

"Si kimoja kimoja, Daktari," Chiriku akasema.

Kalamu ikasimama.

"Chiriku!" Bibi akafoka kwa sauti ndogo.

"Nisamehe, Bibi. Daktari, ni vingi. Ni tangu Jumatatu. Anaumwa jino. Mimi ndiye niliyekwenda kununua, kwenye maduka mawili, na anakunywa na unga wa mafua, na unga wa mafua una dawa ile ile, imeandikwa nyuma, rafiki yangu ameisoma. Na hali chakula. Chakula chake nakula mimi."

Maneno yaliyofungiwa siku tatu yalitoka yote kwa pumzi moja. Mama alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, asijue aanze na nani.

"Vingapi kwa siku?" daktari akauliza, na sasa macho yake yalikuwa na haraka.

"Sijui hasa. Lakini pakiti tupu ziko chini ya godoro."

"Zilete. Zote. Sasa hivi."

Fundi bomba alikuwa bado anageuza gari uwanjani. Chiriku alilikimbilia huku anapunga mikono yote miwili. Nyumbani aliinua godoro, akazikusanya pakiti ndani ya mfuko wa mkate, akapekua hata mfuko wa koti la Bibi na kopo la uzi. Waliporudi, nesi alizimwaga pakiti juu ya trei na kuzihesabu na daktari kwa sauti ya chini. Daktari alitikisa kichwa.

"Damu iende maabara," alimwambia nesi. "Na tuanze dripu ya kukinga ini bila kungoja majibu."

Chiriku alitolewa nje. Aliketi kwenye benchi la ukumbini, akaanza kulia. Mama alikuja, akaketi kando yake. Kisha alimfuta machozi kwa ncha ya kanga, na Chiriku akabaki na unga shavuni.

"Umenikasirikia?" Chiriku akauliza.

"Nimekasirika, ndiyo. Tutaongea nyumbani," Mama akasema. Akamvuta karibu. "Lakini mle ndani ulifanya jambo gumu, nami niliona."

Baada ya muda daktari alitoka akiwa na karatasi ya majibu. Aliwaambia kwamba ini la Bibi lilikuwa limeanza kuumia, ila kidogo tu, na dawa waliyompa ilikuwa imewahi. Angelazwa siku mbili tatu. Kama wangedhani ni tumbo tu na kumrudisha nyumbani, habari ingekuwa nyingine.

Chiriku alifuta pua. Maswali yalikuwa yameanza kumrudia, na hiyo ilikuwa dalili nzuri.

"Daktari, mbona dawa inaponya halafu inaumiza? Na ini linafanya nini hasa?"

Daktari akacheka. Akaketi kwenye benchi upande wa pili. "Nyumbani kwenu mnafanya kazi gani? Naona unga kila mahali."

"Tunaoka mikate. Mimi nafunga."

"Vizuri, basi utanielewa haraka. Ini lako lina kazi kama karakana. Kila dawa unayomeza inapitia humo ishughulikiwe, kisha mabaki yatolewe. Parasetamoli nyingi hutolewa bila shida. Lakini sehemu yake ndogo, ini likiishughulikia, hugeuka kuwa sumu kali. Hiyo ikiachwa huru, inachoma ini lenyewe."

"Kila mtu akimeza?"

"Kila mtu. Hata mimi."

"Mbona hatuumii?"

"Kwa sababu ndani ya ini kuna kimeng'enya kinacholinda. Unajua kimeng'enya?"

"Mwalimu alisema ni kitu kidogo sana mwilini kinachofanya kazi iende haraka. Vipo hata kwenye mate."

"Ndivyo. Vipo vya namna nyingi sana, na kila kimoja kina kazi yake. Hiki ninachokuambia kazi yake ni kuikamata sumu ile na kuifunga pamoja na kitu kingine ambacho ini linakitengeneza lenyewe. Ikishafungwa, haichomi tena. Inatoka na mkojo, na wewe hujui hata kama ilikuwepo."

Chiriku alikuwa amesahau kulia. "Kwa hiyo kile kimeng'enya ni kama mimi! Sumu ni mkate, na hicho kitu kingine ni mfuko."

"Hasa! Sasa niambie, wewe ni hodari wa kufunga?"

"Sana. Hata Baba hanifikii."

"Na mikate ikiletwa mingi mno, na mifuko ikaisha?"

Chiriku alifikiri. Ilikuwa imewahi kutokea. "Naketi tu. Mikate inarundikana, mingine inaanguka chini. Hata niwe hodari vipi, bila mifuko siwezi kitu."

"Ndivyo ilivyokuwa ndani ya ini la Bibi yako. Vidonge vilikuja kwa wingi, mifuko ikaisha. Tena hakuwa anakula, na ini linahitaji chakula ili litengeneze mifuko mingine. Kimeng'enya kipo tayari, lakini mikono mitupu. Sumu ikaanza kuchoma. Dripu tuliyomwekea inalisaidia ini kutengeneza mifuko mipya upesi, ili kazi ya kufunga iendelee. Lakini dawa hiyo inasaidia zaidi ikiwahi. Ndiyo maana niliyataka yale maneno yako leo, siyo kesho kutwa."

"Kwa hiyo dawa ya maumivu ni mbaya?"

"Hapana. Kwa kipimo chake ni rafiki mzuri, na ini linaimudu bila jasho. Ubaya ni kuzidisha, na kuchanganya bila kusoma."

Jioni waliruhusiwa kumwona Bibi. Alikuwa amegeukia ukutani, na alipoitwa na Chiriku hakugeuka. Baba, aliyekuwa amefika akitweta na baiskeli yake, alimwambia binti yake, "Mwache apumzike." Chiriku alirudi nyumbani na jiwe kifuani. Usiku ule hakuongea usingizini.

Siku ya pili alipokwenda baada ya shule, alimkuta Bibi ameegemea mito, anakunywa uji. Rangi ilikuwa imemrudia usoni.

"Njoo hapa," Bibi akasema bila kutabasamu.

Chiriku akasogea hatua mbili.

"Karibu zaidi. Jana sikugeuka, si kwa sababu nilikukasirikia. Niliona haya. Mtu mzima kama mimi, na nywele hizi nyeupe, nilimbana mtoto mkono ili anisaidie kudanganya." Akaweka kikombe chini. "Daktari alikuja asubuhi akanieleza kila kitu. Ini langu, mifuko, na huyo mfungaji mdogo aliyebaki mikono mitupu. Nikamwambia, 'Huyo si mfungaji, huyo ni mjukuu wangu!' Akacheka mpaka kalamu zikamdondoka."

Chiriku alimrukia shingoni, nusura amwage uji. Kisha akaanza kuongea. Alimweleza juu ya Miwani, juu ya fundi bomba aliyepita kwenye kila shimo la barabara, juu ya mtihani wa hesabu, juu ya kuku wa jirani. Nesi alikuja kutazama kelele zinatoka wapi, akaondoka akitabasamu.

Jumamosi Bibi aliruhusiwa. Mama hakumpa nafasi ya kujitetea: Jumatatu asubuhi alimpeleka kwa daktari wa meno. Chiriku, aliyekuwa kwenye likizo fupi ya katikati ya muhula, alikwenda nao. Bibi alikaa kwenye kiti kile kirefu akiwa ameshika mikono yote miwili kifuani kama anayeaga dunia.

Daktari wa meno alichungulia, akagonga hapa na pale, akapuliza upepo. "Hili jino nani alikuambia ling'olewe?"

"Aaa... nilijiambia mwenyewe."

"Halina haja. Limetoboka, lakini mzizi ni mzima. Nitalisafisha na kuliziba. Dakika arobaini."

Bibi aliinuka nusu. "Unasema ningekuja Jumatatu ile, ningetoka hapa na jino langu, bila maumivu, bila hospitali, bila kutapikia gari la watu?"

"Bila hata kukosa chakula cha mchana," daktari akajibu.

Mama aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Chiriku alijaribu kujizuia, akashindwa, na kicheko chake kikamwambukiza daktari wa meno, mpaka ilibidi asubiri mkono utulie ndipo aanze kazi.

Wiki ile ile, kipimo cha damu kilionyesha kwamba ini la Bibi limerudi katika hali yake. Daktari wa kalamu tatu alimpa ruhusa ya kuimba, na onyo la kutomeza hata kidonge bila kumwuliza mtu wa dawa.

Jumamosi ya mashindano ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama milangoni. Kwaya ya wanawake wazee ilipanda jukwaani ikiwa imevaa kijani. Bibi alisogea mbele hatua moja. Alivuta pumzi, akafungua mdomo, na sauti yake ikapanda juu ya vichwa vya watu, safi, bila haraka, ikaning'inia pale juu kabla wenzake hawajaidaka. Chiriku alikuwa amemshika Miwani mkono kwa nguvu kiasi kwamba vidole vya rafiki yake vilibaki na alama. Kwaya ilipata nafasi ya pili, na ukiwasikia wale wazee wakishangilia ungedhani wameipata ya kwanza mara mbili.

Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wanakwaya walimzunguka Bibi. Walitaka kujua ilikuwaje akalazwa na kuamka na sauti kama ile. Bibi hakuficha kitu. Aliwaeleza juu ya jino, vidonge, unga wa mafua, na ini. Aliposema kwamba dawa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa kitu kile kile, wengine walishika mikoba yao. Mama mmoja alifungua mkoba wake polepole na kutoa pakiti ya vidonge. Wa pili akatoa pakiti mbili. Sauti ya Bati, aliyekuwa na maumivu ya goti, alitoa tatu, akaziweka juu ya meza akiwa ameinamisha kichwa.

"Msinicheke," akasema. "Nilidhani zikiwa nyingi ndiyo goti litapona upesi."

Hakuna aliyemcheka. Bibi alimsogezea kiti akae kando yake. "Jumatatu tunakwenda wote kwa daktari, mimi nitawapeleka," akasema. Kisha akamvuta Chiriku mbele ya wenzake wote na kumwekea mkono begani.

"Mjukuu wangu, nataka hawa wasikie, maana kosa lilikuwa la mtu mzima. Nilikutwisha mzigo usio wako. Zipo siri nzuri za kutunza: zawadi, mzaha, jambo la kumfurahisha mtu baadaye. Lakini mtu akikuambia ufiche kitu kinachomuumiza, au kinachokuumiza wewe, hata akiwa bibi yako, hata akikubana mkono, hiyo usiishike. Mwambie mtu mzima mwingine, na umwambie mapema. Dawa yangu ilifanya kazi kwa sababu iliwahi, na iliwahi kwa sababu wewe ulisema kweli."

Chiriku alitazama sakafu. Wale wazee walianza kupiga makofi, mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia, na chumba kidogo kikatetemeka kwa sauti zao.

Chiriku akainua uso, akaimba nao.